Upimaji wa Pili

Mume wangu alipoanza kusema tena baada ya kiharusi, neno lake la kwanza halikuwa langu. Lilikuwa la dada yake.

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda katika wodi ya wanaume, kwenye hospitali moja ya kibinafsi pale Upper Hill ambako nilikuwa mfanyakazi. Mkononi nilishika kikombe cha maji. Asubuhi nzima nilikuwa nikimwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwa sauti ya juu, kwa kidole: "Unataka maji? Nikupe maji?" Alikuwa akinitazama kidogo, kisha anageuzia uso ukutani. Wifi yangu akaingia, ametoka Mutuini, viatu vimeshika udongo mwekundu. Akaweka kikapu chini, akamwinamia, akamsemesha kwa Kikuyu. Sikuelewa alichosema. Mume wangu akafungua mdomo kwa ule upande wa kushoto uliokuwa bado mzima, akasema, "Maaĩ."

Hilo hata mimi nililijua. Maji.

Wifi alianza kulia papo hapo. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka kwangu bila kunitazama, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Nilibaki na mkono mtupu hewani. Nilipaswa kumshukuru Mungu, na nilimshukuru, baadaye, chooni, nikiwa nimefunga mlango. Lakini pale kando ya kitanda nilichohisi kwanza ni kama mtu amenimwagia pilipili kifuani.

Sisi tulioana kwa Kiswahili. Yeye Mkikuyu wa Mutuini, mimi Mluhya kutoka upande wa Kakamega. Kikuyu changu kilikuwa cha kuuliza bei ya viazi na kusema asante. Kiluhya chake hakikufika hata hapo. Aliuza vipuri vya magari mjini, mtaa wa Grogan, katika kibanda kilichojaa taa za nyuma zilizotumika na vioo vya pembeni vinavyoning'inia kama popo. Alikuwa mtu wa maneno. Mteja akija kutafuta kioo cha Toyota, anaondoka na kioo, plagi na hadithi. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, "kitu yangu" na "maneno ingine," nami niliyepigwa na walimu kwa sababu ya ngeli sikuweza kujizuia kumsahihisha.

"Wewe uliolewa na ngeli," alikuwa akiniambia. "Mimi nilikuja tu kama shahidi."

Ugomvi wetu ulikuwa kwa Kiswahili, na majina tuliyoitana tukiwa wawili, na maombi kabla ya kula. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni, alilelewa kwa Kiswahili hicho hicho. Nilidhani hiyo ndiyo nyumba yetu yote. Sikujua kwamba mume wangu alikuwa na nyumba nyingine ndani yake, yenye mlango nisioujua, na kwamba siku moja angeingia humo na kunifungia nje.

Alianguka mchana, mwaka ule wa kura ya maoni ya ndizi na chungwa, nchi nzima ikibishana juu ya katiba. Wenzake walisema alikuwa katikati ya ubishi huo, anapiga meza, mara maneno yakaanza kutoka yamepinda, mara akaketi chini kama mtu aliyechoka. Walimpakia kwenye pikapu ya mteja wakamleta kwetu hospitalini, kwa sababu mfukoni alikuwa na kadi ya bima niliyomkatia kama mume wa mfanyakazi.

Kazi yangu ilikuwa chini kabisa, idara ya bili, dirisha likitazama maegesho ya magari. Daktari anaandika ugonjwa kwa mwandiko wake. Sisi tunaugeuza kuwa herufi na tarakimu ambazo kampuni ya bima inazisoma, tunaambatanisha kila huduma, kisha tarishi anapeleka bahasha kwenye ofisi zao Westlands. Kiharusi kilikuwa na namba yake. Kupoteza usemi, ambako madaktari wanakuita afasia, kulikuwa R47.0. Nilikuwa nimeiandika mara nyingi hata mkono uliizoea. Upimaji wa afasia niliujua kama mstari mmoja kwenye karatasi. Sikuwahi kujiuliza kinafanyika nini kati ya mtaalamu na mgonjwa mpaka mstari huo ufike kwangu.

Mtaalamu wa usemi alikuwa mmoja tu, na alikuja siku chache za wiki. Wagonjwa walimwita daktari wa kuongea. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu, amesomea ng'ambo, nywele fupi, sketi imepigwa pasi vizuri, na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukimbilia chochote. Alikuwa Mkikuyu. Kabla ya hapo nilikuwa nikimsalimia kila wiki anapoleta karatasi zake dirishani, na nilimpenda, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka.

Siku aliyompima mume wangu nilipanda juu wakati wa chai. Pazia la kijani lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda. Nikasimama nje yake. Nilisikia yule mwanamke akiuliza kitu, kisha kimya, kisha sauti ya mume wangu, nzito, inajikwaa: "Nyũmba." Akaulizwa tena. "Mbũri." Nyumba, mbuzi, alikuwa akionyeshwa picha na kuzitaja. Kisha akakosea moja, sijui alisema nini, wakacheka wote wawili.

Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu aanguke. Nilikuwa nimekaa karibu naye kila jioni, nimemkanda mkono uliolala, nimemsimulia habari za Grogan na za binti yetu, na yeye alikuwa hajanipa hata tabasamu. Sasa alikuwa akimpa mgeni, na saa moja haijaisha.

Nilimngoja mtaalamu kwenye korido.

"Anaendeleaje?"

"Vizuri kuliko nilivyotarajia, mama," akasema. "Kikuyu kinarudi."

"Na Kiswahili?"

Akabana faili kwapani. "Hicho sijakipima. Nimeanza na lugha iliyoitika. Mtu wa lugha mbili, ugonjwa unaweza kubeba moja zaidi kuliko nyingine. Kila moja inafaa ipimwe kivyake."

"Basi kipime."

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma zaidi ya kicheko. "Wewe ndiye mtu wa bili. Unajua vile watu wa bima watasema."

Nilijua. Mgonjwa mmoja, ugonjwa mmoja, upimaji mmoja. Wa pili ungerudishwa na muhuri wa kwamba ni marudio. Nilikuwa nimezipokea bahasha kama hizo na kuzifungia kabatini bila kuwaza kwamba upande wa pili kuna mtu.

Kwa kanuni ya ofisi sikuruhusiwa kugusa faili ya mtu wangu, kwa hiyo ilipewa mwenzangu wa dawati la pili. Kijana mzuri, hana ubaya. Siku moja akaniambia tukiwa tunakunywa chai, "Mzee wako amejaribu sana. Picha nyingi amezipata." Nikajikuta nina wivu hata na yeye, mtu asiyewahi kumwona mume wangu ana kwa ana. Yeye alijua mume wangu amesema nini. Mimi nilijua tu harufu ya dawa shingoni mwake.

Aliporuhusiwa kutoka hatukurudi kwenye nyumba yetu ya kupanga Uthiru. Mimi nilikuwa na kazi, na yeye alihitaji mtu wa kukaa naye mchana. Tukahamia kwao Mutuini, kwenye shamba la wazazi wake waliokwisha kufariki, ambako wifi yangu aliishi peke yake na ng'ombe wawili na kuku wake. Alikuwa ameachika zamani, hana mtoto, na alimpokea kaka yake kama zawadi.

Sikuweza kumlaumu kwa lolote. Alimwogesha, alimnyoa, alimtembeza mpaka kwenye majani ya ng'ombe na kurudi. Nilipofika jioni kutoka mjini nilikuta uji umepoa kiasi cha kunyweka na shati lake limefuliwa. Na nilikuta mazungumzo. Niliyasikia nikiwa bado langoni: wifi anaongea mfululizo, mume wangu anachomeka neno moja, mawili, kisha siku zikienda, matatu. Nikifungua mlango wa jikoni walinyamaza. Si kwa ubaya. Walinyamaza kama watu wanavyonyamaza mgeni akiingia, ili wamkaribishe.

Mara moja nilimwuliza tukiwa tunachambua maharagwe. "Kwa nini mimi hataki kuniongelesha?"

"Si hataki, dada," akasema. "Hana hiyo maneno. Ilienda."

"Na ya kukuongelesha wewe anayatoa wapi?"

Akatupa punje iliyooza. "Mimi nilikuwa naye kabla ajue Kiswahili iko," akasema, na akaendelea kuchambua.

Alisema hivyo kwa upole, nami nilikumbuka kila neno kwa miezi. Nilijaribu kujifunza. Nilimwomba mwenzangu mmoja kazini anifundishe sentensi moja kila asubuhi, na jioni nikaja kuzitumia. Mume wangu alikuwa akikunja uso, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Wifi alinisahihisha. Mimi, niliyemsahihisha ngeli miaka yote hiyo, sasa nilisahihishwa mbele yake kwa lugha ya watoto wa chekechea. Niliacha.

Nilichokifanya badala yake ni kuongea. Kila jioni, wifi akiwa zizini anakamua, nilikaa na mume wangu mlangoni na kumwambia yote yaliyonijaa moyoni, kwa Kiswahili, kwa sababu niliamini haelewi. Kulikuwa na raha yake. Nilimwambia, "Huyo daktari wako wa kuongea, unampenda, siyo? Unamwonyesha meno yote." Nilimwambia, "Dada yako anakushika kama yai. Angeolewa nawe mwenyewe basi, mimi nikabaki Kakamega." Nilimwambia nimemchukia kila mtu anayesema naye, hata jirani anayepita na kumsalimu, hata ng'ombe, kwa maana ng'ombe nao aliwaita kwa majina yao. Alikuwa akitazama mbele, kwenye migomba. Wakati mwingine alifumba macho. Nikimaliza nilijifuta uso na kuingia ndani kukatakata sukuma.

Huku mjini, mtaalamu alikuwa ameandika kuomba upimaji wa pili, na kampuni ya bima imekataa. Akaandika tena, wakakataa. Siku moja akasimama dirishani kwangu, mkoba begani.

"Mama, daktari wao wa kukagua madai yuko ofisini leo. Twende tumwone, wewe na mimi."

Tulikwenda na gari lake wakati wa chakula cha mchana. Nilikaa kando yake nikinusa manukato yake na kufikiria kwamba mume wangu huyanusa pia kila anapopelekwa kwake kliniki. Aliniuliza mambo ya nyumbani; nilijibu ndiyo na hapana. Nilimwona mikono yake kwenye usukani, haina pete, na nikajichukia kwa kuitazama.

Mkaguzi alikuwa mzee wa miwani, ana kikohozi kidogo, ofisi yake iko ghorofa ya juu pale Westlands. Alitusikiliza vizuri. Mtaalamu alieleza: kwamba mtu huyu alifanya biashara kwa Kiswahili, alioa kwa Kiswahili, kwamba kilichopimwa ni upande mmoja tu, kwamba bila kupima upande wa pili hawezi kupanga matibabu. Mzee akageuza faili mbele na nyuma.

"Namba hapa ni R47.0," akasema. "Kuna mahali inasema ni lugha gani?"

"Hapana."

"Basi. Kwetu hapa usemi ni usemi." Akanigeukia. "Wewe ndiye mke?"

"Ndiye mimi."

"Na uko idara ya bili kule hospitalini."

"Ndiyo."

"Ungekuwa kwenye kiti changu, mama, ungefanya nini na hii?"

Mtaalamu aliniangalia. Nilijua anachotaka niseme. Lakini nilikuwa nimekaa upande ule wa karatasi kwa miaka, na mzee alikuwa ameniuliza kwa heshima.

"Ningeirudisha," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kufurahi. "Pole sana kwa mgonjwa," akasema, na akafunga faili.

Tuliporudi tulikwama kwenye msongamano wa magari karibu na Museum Hill. Mtaalamu alizima injini.

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Kwa sababu ni kweli."

Nilidhani atakasirika. Akacheka, kicheko kile kile nilichokisikia nyuma ya pazia, na kwa mara ya kwanza nilikisikia nikiwa ndani yake. "Wewe ni mtu mgumu," akasema. "Sawa. Jumamosi nitakuja Mutuini. Hakuna bili."

Ndipo wivu ukanipanda. Atakuja hata nyumbani. "Huyu mgonjwa una nini naye?" nikamwuliza. "Wagonjwa wako wengine unawafuata kwao?"

Hakugeuka. Labda alisikia kilichokuwa chini ya swali, labda hakusikia. "Nimechoka kupima nusu ya mtu," akasema.

Jumamosi hiyo nilivaa gauni langu la kanisani. Nilisuka nywele. Nilikaanga maandazi asubuhi na mapema ili wifi asiwahi jikoni. Mtaalamu alifika na boda boda kutoka barabara kuu, kwa sababu gari lake lisingepita kwenye tope, sketi ameikusanya mkononi, anacheka. Alipofika uani tu wakaanza na wifi: Kikuyu, Kikuyu, Kikuyu. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake kivulini, kichwa kinageuka kwa huyu na kwa yule, uso umechangamka. Nilipeleka chai kwenye sinia. Nilimimina vikombe vyote na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Kisha mtaalamu akatoa picha zake. Alikuwa amezichora mwenyewe, aliniambia, kwa sababu zile alizopewa chuoni zilikuwa na vitu ambavyo mgonjwa wa Mutuini hajawahi kushika. Kulikuwa na sufuria, panga, jembe, kikombe, kuku. Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya mume wangu, magoti kwa magoti.

"Mama, kaa hapa," akaniambia. "Wewe ndiye utauliza."

"Mimi sijasomea."

"Kiswahili alichoishi nacho ni chako. Nataka asikie sauti hiyo, si yangu. Uliza vile nitakuambia, polepole, halafu ungoje."

Nikakaa. Nikapokea picha. Nikamwonyesha kikombe, nikamwuliza hiki ni nini. Akafungua mdomo, midomo ikatafuta, hakikutoka kitu. Sufuria, hakuna. Kuku, akasema neno la Kikuyu, akapiga paja kwa hasira na kugeuza uso, kama alivyougeuza hospitalini. Nilitaka kuinuka.

"Usiondoke," mtaalamu akasema. "Sasa usimwambie ataje. Ziweke zote chini, umwambie akuonyeshe."

Nikazipanga kwenye meza ndogo. "Nionyeshe panga."

Mkono wake wa kushoto ulitoka mara moja, ukagusa panga.

"Nionyeshe kile tunachopikia."

Akagusa sufuria.

"Nionyeshe kinachotaga mayai." Kuku. Wifi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaguna. Mtaalamu akaninong'oneza sentensi ndefu, nikaisema kama alivyoisema: "Chukua kijiko, kiweke ndani ya kikombe, halafu unipe kitambaa."

Alichukua kijiko, akakitia kwenye kikombe cha chai. Alinyanyua kitambaa kilichofunika maandazi, akanipa. Na alipokuwa akinipa alinitazama machoni, bila kugeuza uso.

Niliketi na kitambaa mikononi. Mtaalamu alikuwa anaandika na kunieleza kwamba anaelewa, anaelewa karibu kila kitu, kinachokwama ni kutoka. Kwamba huenda alikuwa akigeuza uso kwa sababu jibu analijua na haliji, na kwamba pengine mbele yangu ndipo aibu hiyo ilikuwa kubwa. Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa nikifikiria jioni zangu mlangoni.

"Ulikuwa unasikia?" nikamwuliza mume wangu. "Kila siku? Yale yote?"

Akainamisha kichwa kukubali. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika goti. Alikuwa akicheka. Alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, akanyoosha kidole kifuani kwangu, akasema neno moja:

"Ũiru."

Wifi alitoa ukelele, akaziba mdomo kwa leso.

"Amesema nini? Jamani, amesema nini?"

Mtaalamu alikuwa anaangalia karatasi yake kwa bidii kubwa. "Amesema," akaanza. "Anasema… wivu."

Mume wangu alilisikia neno hilo. Alimtazama mtaalamu mdomoni, kisha akanitazama mimi mdomoni, na midomo yake ikaanza kutafuta tena. Mtaalamu aliinua mkono tusiseme kitu.

"Wi," akasema. Akameza mate. "Wivu. Wivu yako."

"Wako," nikasema.

Lilinitoka kabla sijajua. Wifi aliangua kicheko, mtaalamu naye akashindwa kujizuia, na mume wangu, uso umeloa, akainua mkono wake mzima juu kama mtu aliyesalimu amri. Mimi nililia. Nililia kwa fedheha, na kwa sababu miezi yote hiyo sikuwa nimeongea na ukuta. Na hata katikati ya kilio hicho niliona kwamba wifi amemfuta machozi kabla yangu.

Sitasema kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Kiswahili chake kilirudi vipande vipande, na vipande vingine havikurudi. Mtaalamu alinifundisha mazoezi ya kufanya naye, na jioni, badala ya kumlalamikia, nikawa namwuliza vitu na kungoja. Kungoja ndiyo iliyokuwa kazi. Mtaalamu mwenyewe aliondoka mwaka uliofuata, alipata nafasi ng'ambo. Alipokuja kuaga, mume wangu hakugusa chakula siku nzima, nami nikaosha vyombo kwa kelele. Wivu haukuniisha. Ulipungua makali tu, na sasa mume wangu alikuwa na jina la kuuita, na aliuita bila woga, mbele za watu.

Grogan hakurudi. Kibanda alimwachia mwenzake. Wifi na yeye walikubaliana kujenga vyumba vya kupangisha kwenye kipande cha shamba upande wa barabara, vya mabati na sakafu ya saruji, na mume wangu akawa anakaa langoni kama mwenye nyumba, akisalimu wapita njia kwa Kikuyu na wapangaji kwa Kiswahili chake kifupi.

Mpangaji mmoja alikuwa fundi wa mawe kutoka kwetu, kijiji cha pili tu kutoka kwa mama yangu. Sikujua nilikuwa nimekikosa Kiluhya kiasi gani mpaka aliponiamkia asubuhi moja ya Jumapili. Tulisimama kando ya bomba la maji, tukaulizana habari za watu, nani amefariki, nani amejenga, nani amemkimbia mume. Alinikumbusha mwalimu mmoja aliyekuwa akitufukuza na fimbo, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Fimbo ya kutembelea iligonga lango la mabati. Mara moja, kisha tena, kwa nguvu.

"Kiswahili!" mume wangu alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira. "Ongea… ongea Kiswahili!"

Fundi alishtuka, akaanza kuomba radhi. Wifi alichungulia kutoka jikoni. Mimi nilimtazama mume wangu pale langoni, amekunja ndita, fimbo imeinuliwa, anasubiri tumtii. Raha iliyonijia sikuwa nimeipata kwa muda mrefu.

Nikamgeukia fundi, nikamuuliza kwa Kiluhya, polepole, habari za ng'ombe wa mama yangu, kila ng'ombe kivyake. Kisha nikachukua ndoo yangu na kwenda kupika.